Koplo Usu na Ukweli Wake

Nilikaa naye ukuta kwa ukuta miaka kumi na tisa, na sidhani kama ilipita wiki moja bila kunikera. Nasema haya mapema kwa sababu tangu alipofariki, mvua za mwaka jana, watu wa mtaa wetu hapa Bagamoyo wameanza kumsimulia mtu nisiyemjua. Wanasema alikuwa mtulivu. Wanasema alikuwa na subira. Mtu huyuhuyu aliwahi kuinuka kwenye kiti cha daktari wa meno, ganzi imeshaingia na nusu ya uso imelala, akaenda zake nyumbani kwa sababu daktari alitoka nje kupokea simu.

Wengi walimwita Koplo. Yeye alisahihisha kila mara, hata kama anayemwita yuko ng'ambo ya barabara na ana haraka zake.

"Koplo Usu," alikuwa akisema. "Koplo ana tepe mbili mkononi. Mimi nilikuwa na moja."

Vijana wa kijiweni walipoona hilo linamchoma, wakaanza kumpandisha vyeo makusudi. Leo Sajini, kesho Meja, siku ya Idi Jenerali. Alisimama akawasahihisha wote, mmoja mmoja, bila kucheka na bila kuchoka. Mimi sasa ninamwita Koplo tu.

Mimi nilikuwa muuguzi, na nimestaafu. Siku nilipohamia nyumba ile, vitu vyangu vikiwa bado barazani, alikuja mtu mrefu, mkavu, shati limepigwa pasi hadi mikono inasimama yenyewe. Nikamwamkia, "Shikamoo, mzee." Akaitikia marahaba, akanipita, akaenda moja kwa moja kwenye pipa langu la maji, akafunua kifuniko.

"Maji haya yamechemshwa?"

Nikamwambia ni ya kuogea.

"Na ya kunywa yako wapi?"

Huo ndio ulikuwa ukaribisho wangu. Nilikuwa na zaidi ya miaka kumi ya kufundisha akina mama kuchemsha maji, na mtu nisiyemjua alinisimamisha jikoni kwangu akanieleza kwamba yakianza kutokota bado hayajaiva, hesabu dakika kumi. Alifanya hivyo kwa kila nyumba. Kwenye hitima na maulidi alikuja na chupa yake ya chai iliyojaa maji, akajimiminia mbele ya wenye nyumba waliokuwa wamemletea glasi kwa heshima zote. Watu waliudhika. Mwenye msiba mmoja alimwuliza kama anadhani wamemwekea sumu. Akajibu, kwa sauti yake ya kawaida ambayo ilisikika hadi kwa wanawake upande wa pili, "Sumu ingekuwa afadhali, inaua haraka."

Mkewe, Bi Salma, alikuwa mwanamke mpole mwenye ulimi mkali, na vyote viwili alivihitaji. Yeye ndiye aliyenisimulia kwanza habari ya maji, lakini habari kamili niliipata kwa mwenyewe, mwaka mmoja kipindupindu kiliposumbua pwani na mimi na yeye tukajikuta tunapita nyumba kwa nyumba tukigawa dawa ya kutibu maji. Tulipumzika kibarazani kwa mtu. Akanieleza kama anayetoa ripoti.

Alikwenda vita vya Kagera akiwa na miaka ishirini na miwili. Kikosi chao kilisimama upande wetu wa mto, kikisubiri kuvuka. Magari ya maji yalikuwa yamekwama nyuma, barabara imekuwa tope. Amri ilitolewa wazi, alfajiri na jioni: mtu yeyote asinywe maji ya mtoni wala ya madimbwini, kwa kuwa kulikuwa na mizoga ya ng'ombe na si ng'ombe peke yake. Siku ya kwanza walivumilia. Siku ya pili, mchana, yeye alikwenda kujisaidia, akapita kidimbwi kidogo chini ya majani, maji yake meupe. Akapiga magoti akanywa.

Baada ya siku kadhaa akaanza homa. Ilikuwa homa ya matumbo, na utumbo ukatoboka. Walimbeba kwenye machela akiharisha damu, akapasuliwa Mwanza, akaletwa Dar es Salaam, akalala hospitalini miezi, akapewa barua ya kuondolewa jeshini kwa sababu ya afya. Alikuwa na kovu kutoka kitovuni hadi kinenani. Wenzake walivuka mto.

"Mzee," nilimwambia, "homa ya matumbo ninaijua. Utumbo ukitoboka, wengi hawaamki. Wewe kupona ni jambo kubwa."

"Amri ilikuwa wazi," akasema.

"Ulikuwa na kiu."

"Wote walikuwa na kiu. Wenzangu walivumilia, mimi sikuvumilia." Akasimama, akachukua boksi la dawa, tukaendelea na nyumba iliyofuata.

Nikadhani amenieleza siri. Haikuwa siri hata kidogo. Alimweleza yeyote aliyekaribia kumsifu, popote pale, na hapo ndipo alipotuchosha wote.

Harusi ya binti yake, Mwanahawa, ilifanyika ukumbini, na wakwe walitoka Pangani, watu wa biashara, wamejaa mabasi mawili. Bi Salma alikuwa hajalala kwa siku tatu kwa maandalizi. Mshereheshaji, ambaye kazi yake ni kupamba, akatangaza kwamba tunaye ukumbini shujaa wa vita vya Kagera, aliyeingia na majeshi yetu hadi mji mkuu wa adui. Watu wakapiga makofi, wakwe wakageuza vichwa kwa furaha. Nilimwona anainuka. Bi Salma alimshika shati. Akalitoa taratibu kwenye vidole vyake, akaenda mbele, akaomba kipaza sauti.

"Asalaam alaykum," alisema. "Mshereheshaji amekosea. Mimi sikufika huko. Niliishia upande wetu wa mto. Sikufyatua hata risasi moja. Nilikunywa maji niliyokatazwa, nikaharisha damu, nikarudishwa. Waliofika ni wengine. Karibuni chakula."

Pilau ilikuwa imeshafika mezani. Mama mkwe wa Mwanahawa alikishika kijiko hivyohivyo, hakukiinua wala hakukiweka chini. Bi Salma alijifunika mtandio usoni, na hadi leo picha za harusi ile zina mama wa bibi harusi asiyeonekana uso.

Nilimkabili kesho yake. Nikamwambia kulikuwa na njia nyingine, angeweza kutabasamu akanyamaza.

"Kunyamaza ni kukubali."

"Ni kuwapa watu nafasi ya kula, mzee."

"Walikula," akasema, na kwa hilo alikuwa sahihi, walikula.

Lakini hakuna alikokera kama Lugoba. Katika handaki lao alikuwapo kijana wa Lugoba, aliyekuwa akigawana naye blanketi. Yule kijana alivumilia kiu, akavuka mto, na wiki chache baadaye akakanyaga bomu lililofukiwa njiani. Koplo alipopata nguvu za kutembea alikwenda kumtafuta mama yake. Mama akampokea kama mwanawe, akamchinjia kuku, akamwomba amsimulie jinsi walivyopigana pamoja. Mtu mwingine yeyote angepata maneno mawili ya kumpoza. Yeye akamwambia ukweli, na akaongeza kwamba kama angekuwapo siku ile, yeye ndiye angelikanyaga bomu lile, maana ndiye aliyezoea kutangulia mbele. Mama akamwambia aondoke na asirudi.

Akarudi mwezi uliofuata. Akafukuzwa. Akarudi. Alibeba mananasi kutoka shamba lake la Makurunge, akayaweka mlangoni, akaondoka bila kuingia. Hayo aliyafanya kwa miaka. Bi Salma alinieleza kwamba siku moja mama yule alitoka na kumwambia, kwa hasira, kwamba kama lazima aje basi aezeke banda la kuku, linavuja. Akaezeka. Toka hapo alikuwa akienda kufanya kazi na kugombezwa, hadi bibi alipokufa. Nilipomuuliza kama mama yule alimsamehe hatimaye, alinitazama kana kwamba nimeuliza swali la kitoto.

"Alikuwa na kuku wengi," akasema.

Sasa mtu kama huyo ungetarajia asidanganye kwa lolote. Alidanganya kwa jambo moja, na alidanganya bila aibu: hakuwahi kukubali kwamba anaumwa. Nilimkuta siku moja juu ya paa akigongelea bati, anatetemeka kwa malaria hadi nyundo inapiga pembeni. Nikamwambia ashuke. Akasema kuna upepo. Hapakuwa na upepo, nguo zangu kwenye kamba zilikuwa zimenyooka kama zimebandikwa. Shinikizo la damu alilikataa kwa madai kwamba kipimo changu kimezeeka. Mara kwa mara niliweka vidonge mfukoni nikamvizia akinywa chai kwetu, na mara zote alivigundua. "Nesi," alikuwa akisema, "daktari alishanitoa mahali mara moja. Inatosha." Nami nilibaki na vidonge mkononi, nimekasirika mbele ya kikombe kitupu.

Ndipo lilipokuja suala la kadi.

Tuliambiwa kwamba wanaandikishwa watu wote waliokwenda vitani, wapate kadi ya matibabu, wao na wenza wao. Bi Salma alikuwa na kisukari, na wakati huo alikuwa na kidonda kidogo chini ya kidole gumba cha mguu, kilichoanza na ukanda wa ndala. Nilikuwa nakisafisha kila siku na sikukipenda. Nikaleta fomu. Nikamsomea Koplo masharti mara tatu. Yalisema aliyepigana, au aliyejeruhiwa, au aliyeugua akiwa huko.

"Umesikia?" nikamwambia. "Aliyeugua. Hapo ni wewe umeandikwa."

"Aliyeugua kwa bahati mbaya," akasema. "Mimi niliugua kwa kuvunja amri. Hawakuandika hivyo."

"Hawajali uliugua vipi."

"Basi wakosaji ni wao."

Nilimbembeleza mwezi mzima. Nikamleta imamu, akazungumza naye vizuri, wakaishia kubishana juu ya udhu. Mwishoni nikafanya ambalo ningelifanya tena leo: nikachukua barua yake ya kuondolewa jeshini, ambayo Bi Salma alinipa mwenyewe kutoka chini ya godoro, nikajaza fomu kwa mwandiko wangu na kuipeleka. Mtendaji wa mtaa, mtu mwema asiye na hila, alimsimamisha sokoni akamwambia bado picha tu. Koplo akaenda ofisini siku ileile, akaitoa fomu yake, akaichana mbele ya mtendaji vipande vinne sawasawa.

Hakunisemesha kwa miezi minane. Alfajiri aliendelea kuugonga ukuta wetu kuniamsha kwa swala, kama alivyofanya tangu nilipohamia, iwe nimetoka zamu ya usiku au sikutoka. Ila salamu hakuna.

Katika miezi hiyo kidonda kikapanda. Koplo akaamua kuuza shamba la Makurunge ili Bi Salma atibiwe hospitali kubwa ya Dar. Shamba haliuziki kwa siku moja. Wanunuzi walikuja, wakatazama, wakaondoka, na yeye alimweleza kila mmoja, bila kuulizwa, kwamba upande wa chini maji husimama. Mnunuzi alipopatikana, kidole kilikuwa cheusi na weusi umefika juu ya kifundo. Walimkata mguu wa kushoto chini ya goti.

Siku waliyomrudisha nyumbani nilivuka kizingiti chake bila kubisha hodi. Nilimwambia kwamba wiki nane mapema wangekata kidole tu. Nilimwambia kwamba mke wake amelipia maji aliyokunywa yeye kabla hata hawajaoana. Nilisema na mengine ambayo sitayaandika. Alinisikiliza amesimama, mikono imenyooka pembeni.

"Ni kweli," akasema.

Nilitamani anijibu vibaya. Nilirudi kwangu nikafua mashuka ambayo yalikuwa safi.

Bi Salma hakumlaumu, angalau si mbele yangu. Alijifunza kutumia kiti cha magurudumu, akarudi jikoni, akapika amekaa. Karibu mwaka ukapita. Kisha siku moja, nikimsugua mguu wa kulia, nikaona ngozi ya kisigino imechanika. Hakuwa amehisi. Nilimtazama, naye akaelewa kabla sijafungua mdomo. Koplo alikuwa mlangoni anapiga viatu rangi.

"Baba Mwanahawa," akamwita. Hakupandisha sauti. "Ukweli wako umekula mguu wangu mmoja. Huu wa pili siutoi."

Koplo akaendelea kupiga kiatu brashi. Alipiga muda mrefu, kiatu kilekile.

Siku mbili baadaye akabisha hodi kwangu. Alishika fomu mpya na karatasi nne za daftari zilizoandikwa pande zote mbili kwa mwandiko wa kuchonga.

"Nesi, nahitaji shahidi wa kutia saini," akasema, kana kwamba hakuwahi kuichana ile ya kwanza.

Nikasoma. Pale palipoandikwa sababu ya kuondoka jeshini, palipokuwa na mstari mmoja tu, ameandika "tazama kurasa zilizoambatishwa." Na kwenye kurasa hizo yalikuwapo yote: magari yaliyokwama, jina la aliyetoa amri, amri yenyewe neno kwa neno, kidimbwi, majani, magoti, idadi ya mafunda aliyokunywa. Matano. Mwisho kabisa aliandika kwamba kama baada ya kujua hayo serikali bado inaona anastahili, ataipokea kadi kwa ajili ya mke wake.

"Mzee, hapa wanataka neno moja. Ugonjwa."

"Neno moja halitoshi."

Nilikuwa na la kusema. Nilimfikiria Bi Salma na kisigino chake, nikatia saini.

Tulikwenda Kibaha, mumewe Mwanahawa akiendesha, kwa njia ya Makofia na Mlandizi. Ofisi ya kuandikisha ilijaa. Tulikaa kwenye benchi hadi adhuhuri, Bi Salma karibu na mlango kwenye kiti chake. Karani alikuwa dada wa miaka thelathini hivi, amechoka, anafanya kazi yake haraka na vizuri. Zamu yetu ilipofika alipokea fomu, akatazama barua ya jeshi, akatazama picha, akazikunja karatasi za daftari nyuma ya fomu, akainua mhuri.

Koplo akaweka kiganja juu ya fomu.

"Umesoma?"

"Nimesoma, baba."

"Niliondoka jeshini kwa sababu gani?"

Akachungulia. "Ugonjwa."

"Hilo limo kwenye barua. Nimekuuliza niliyoandika mimi."

"Baba, kuna watu nyuma yako."

"Watasubiri. Mimi nimesubiri tangu asubuhi."

Nyuma yetu watu walianza kuguna. Mzee mmoja akauliza kama humo ndani panaandikwa Kurani. Nilimvuta Koplo mkono, nikamnong'oneza kwamba mhuri uko hewani, aache ushuke, kwa ajili ya Mungu na kwa ajili ya mkewe. Hakuondoa kiganja. Nilihisi machozi ya hasira yananilenga, mimi mtu mzima, mbele ya umati.

Yule dada akaweka mhuri chini. Akafungua karatasi, akaanza kusoma kwa haraka ya mtu anayetaka kumaliza. Kwenye ukurasa wa pili haraka ikapungua. Alisoma zote nne. Kisha akarudi nyuma, sijui mstari upi, akausoma tena. Alipoinua uso alimtazama kwa mara ya kwanza.

"Baba," akasema, "kiu ilikuwa kali sana?"

Koplo alikuwa mtu wa kujibu kabla hujamaliza kuuliza. Nilingoja jibu lake, nikiwa tayari kuona aibu nyingine. Halikuja. Akageuka kumtazama Bi Salma kule mlangoni, akamgeukia tena yule dada.

"Kali," alisema. "Ulimi ulikuwa kama si wangu."

"Pole, baba."

Akapiga mhuri, akamwita anayefuata. Koplo hakuondoka. Alisimama palepale, mikono imelala tu, hadi mzee wa nyuma alipomshika kiwiko na kumsogeza pembeni kwa upole.

Mimi nilibaki nimeshika mkoba wa karatasi zake. Habari ya maji yale niliijua tangu mwaka wa kipindupindu. Nilikuwa nimempa majibu ya kila aina, ya hospitali, ya dini na ya matusi. Swali lile sikuwahi kumwuliza.

"Wamekubali?" akauliza Bi Salma tulipomfikia.

"Wamekubali," akasema.

"Basi nisogeze kwenye gari. Jua linanichoma."

Akamsogeza. Wiki ileile tulimpeleka Dar, na kisigino kikafunga baada ya miezi mitatu. Koplo aliishi miaka miwili zaidi, akagombana na mtaa mzima kama kawaida yake. Mguu ule wa kulia Bi Salma anao mpaka leo. Jana nimeupaka mafuta.